Fundi wa Video wa Kariobangi

Kila alipokata kipande, fundi wa video wa Kariobangi alibonyeza kuhifadhi mara mbili, kisha akaipapasa kompyuta: "Usinikwamie, mama." Juzi alichoka, akafuta programu ile kongwe ya kuhariri video, akaweka mpya isiyokwama. Leo Nyawira amekuja kuchukua video ya ruracio yake, sherehe ya kutolewa mahari. "Fundi, anza pale marehemu mama anacheka." Lakini programu kongwe imeondoka na kila alichohifadhi ndani yake, na kadi ya kamera, kama kawaida yake, alishaifuta na kurekodi harusi nyingine. "Ngoja kidogo tu, dada," anasema, bila kugeuka. Kioo cha kompyuta ni cheupe, hakuna picha hata moja. Kidole chake kinabonyeza kuhifadhi, mara mbili, tena mara mbili.