Mgawa Kahawa wa Nyabiyonza

Binti yangu alipokuwa na miaka miwili kasoro miezi miwili aliacha kulala. Sisemi kwamba alilala kidogo, au kwamba alikuwa mgumu kubembelezwa kama watoto wa dada zangu. Aliacha, kama mtu anavyoacha sigara. Saa tatu usiku alikuwa anapanga viatu vya baba yake mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kitandani. Saa sita alikuwa ananifumbua macho kwa vidole aone kama bado nimo ndani. Mchana alisinzia dakika chache kwenye mkeka, kisha huyoo, yuko migombani anafukuza kuku.

Ningecheka kama si yaliyotangulia. Wiki moja kabla ya hapo malaria ilimpanda ghafla, na tukiwa njiani kwenda kituo cha afya alipata degedege mikononi mwangu, juu ya pikipiki. Alikakamaa, macho yakageuka, na mimi nikapiga kelele ambazo dereva wa ile pikipiki ananitania nazo hadi leo. Alilazwa siku nne. Alitundikiwa dripu, akachomwa sindano, akatoka mwembamba lakini mzima. Ila wodini, mama wa kitanda cha jirani alikuwa amenisimulia habari za mtoto mmoja wa kwao Kaisho ambaye degedege lilimwacha hai lakini likaondoka na akili yake. Alisema kwa huruma tu, huku anamenya chungwa. Mimi nikayabeba maneno hayo mpaka nyumbani Nyabiyonza, na kila usiku ambao binti yangu alikataa kulala niliyatoa nikayatazama upya.

Muuguzi wa zahanati yetu naye hakuyapunguza. Nilimpelekea mtoto siku ya nane bila usingizi, akampima joto, akampima damu, akakuta hana malaria tena. Akaniambia nirudi Ijumaa, na kama hali ingekuwa ile ile angeniandikia barua ya rufaa, mtoto akaangaliwe kichwa kwenye hospitali kubwa. Alisema kwa upole, lakini mimi nilisikia neno kichwa peke yake. Siku hiyo hiyo nilifungasha begi la safari nikaliweka chini ya kitanda.

Mimi ni fundi cherehani na nina hasira za karibu. Nguo ikiharibika lazima nijue mkasi ulikosea wapi, na usingizi wa mwanangu niliutafutia mkosaji kwa namna hiyo hiyo. Kwanza nililaumu godoro, nikalianika juani siku mbili. Kisha chandarua, nikakifua. Kisha jogoo wa mama mkwe, ambaye alikuwa anawika saa yoyote aliyojisikia. Tulimla Jumapili na hakuna kilichobadilika isipokuwa mchuzi. Mume wangu aliambiwa anakoroma, akahamishiwa kwenye chumba cha magunia ya maharage, akaenda na blanketi lake bila kubisha. Nadhani alilala vizuri kuliko sisi sote.

Mkosaji aliyebaki alikuwa mama mkwe mwenyewe, na nyimbo anazomwimbia mtoto jioni. Anakaa nyumba ya pili, uani hapo hapo, na tangu niolewe tunapendana kwa tahadhari. Ni mwanamke wa taratibu. Sakafu yake hufagiliwa kabla jua halijatoka, na mgeni wake haondoki mdomo mkavu hata kama amekuja kuuliza njia. Kwetu mgeni hupokewa kwa kahawa za kutafuna, zile zinazochumwa bado mbichi, zikachemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha zikaanikwa mpaka zikawa nyeusi na ngumu. Hutolewa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Mgeni anachukua moja, anaitafuna taratibu, mazungumzo yanaanza. Bila hicho kikapu mama mkwe angejiona amemfukuza mtu.

Na wageni walikuwepo. Mtoto akitoka hospitali watu huja kumwona, nao hawaji mikono mitupu. Tulipata mikungu ya ndizi, mayai kwenye majani makavu ya mgomba, na maziwa ya mgando kutoka kwa familia moja ya wafugaji wanaokaa kule kwenye nyasi. Siku mbili za kwanza binti yangu aliwatazama wote akiwa amelala kwenye mkeka, miguu haina nguvu, hataki hata ndizi zilizopikwa na maharage, chakula anachokipenda kuliko mama yake. Siku ya tatu mgeni mmoja aliingia, na kabla bibi hajainuka, mtoto aliinuka. Akashika meza, akajivuta, akachukua kile kikapu kwa mikono miwili, akaenda akitikisika hadi mbele ya mgeni, akapiga magoti. Ndivyo nilivyokuwa nimemfundisha kabla hajaugua. Akasema, "Koo," maana shikamoo yake ilikuwa bado haina mwanzo.

Tulipiga makofi. Mama mkwe alipiga vigelegele. Mimi nilienda nyuma ya jiko nikalia, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu ile pikipiki nilimwona mtoto wangu amerudi. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kugawa kahawa katika ua ule. Mgeni akitokea tu kwenye njia ya migombani, mgawaji alikuwa ameshasimama mlangoni na kikapu chake.

Usingizi ulipopotea, wageni waliongezeka. Waliokwisha kuja kumpa pole ya malaria walirudi kumpa pole ya kukosa usingizi, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja alisema tumwogeshe kwa majani. Mwingine alisema kitanda kigeuzwe kielekee upande wa pili. Mchungaji alikuja kuomba, akaomba kwa muda mrefu sana, na aliyesinzia ni mimi. Mjomba wa mume wangu alitoka Kamuli akakaa tangu saa nane hadi jioni akimtazama mtoto anavyozunguka, akatangaza kwamba huyu ana damu changamfu na ataolewa mbali. Wote walihudumiwa kahawa na mtoto mwenyewe, na wote walimsifu.

Alhamisi, siku moja kabla ya kurudi zahanati, nilikuwa nafua. Gauni lake la bluu nilikuwa nimelishona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha sare za shule, na mbele nikaliwekea mfuko mmoja unaotosha kiganja chake. Nilijivunia sana ule mfuko. Sasa, kabla sijalilowesha, nikaona una doa la kahawia. Nikaingiza vidole, nikatoa maganda ya kahawa. Yalikuwa yamenyonywa na kutafunwa, mengine bado yana mate, mengine yamekauka. Yalijaa kiganja changu.

Nilijua mara moja yalifikaje mfukoni. Ni mimi niliyemfundisha kwamba kwa bibi hatutemi chini. Mtoto mwenye adabu mbaya angetema ovyo, na tungejua siku ya kwanza.

Niliacha maji kwenye beseni nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa jiko. Kulikuwa na wageni watatu wa asubuhi. Mwanangu alipiga magoti mbele ya wa kwanza, akasema koo yake, mgeni akachukua moja. Akainuka, akachukua moja, akaitia mdomoni. Akaenda kwa wa pili, naye vile vile. Wa tatu, vile vile. Kila mgeni moja, na yeye moja kwa kila mgeni, bila kuiba na bila kujificha, mtu na posho yake. Kisha akasimama kando, mashavu yamevimba, akiwasikiliza watu wazima wakijadili kwa nini halali.

Mimi mwenyewe nikitafuna mbili baada ya saa sita mchana nitashona mpaka usiku wa manane. Hilo linajulikana na kila mtu katika wilaya hii. Na bado ua mzima ulikaa siku kumi ukiangalia mtoto wa kilo tisa akila kahawa za wageni ishirini, tukaenda kumlaumu jogoo. Nilikaa kwenye jiwe la kufulia nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu nikatafuta wa kumkasirikia. Sikumpata. Waliopiga makofi nilikuwa mmojawao, tena ndiye niliyepiga kwa nguvu.

Sehemu ngumu ilikuwa kumwambia mama mkwe. Kuondoa kahawa mbele ya wageni wake ilikuwa sawa na kumwambia aondoe mlango. Wageni walipoondoka nilimfuata, nikapiga goti, nikamwekea yale maganda kiganjani. Nikamweleza nilichokiona. Aliyageuza kwa kidole moja moja.

"Nilikuwa naona kikapu kinaisha haraka siku hizi," alisema mwishowe. "Nikadhani ni wewe."

"Mimi, mama?"

"Unakesha na cherehani yako. Nikasema mwache atafune, ana mtoto mgonjwa."

Wiki nzima mimi nilikuwa nalaumu nyimbo zake anazomwimbia mtoto jioni, na nilishazisema kwa mume wangu kwa maneno ambayo siyarudii hapa. Yeye wiki nzima alikuwa ananijazia kikapu.

Alisimama, akapanda kwenye kigoda, akakitundika kile kikapu juu kabisa kwenye mbao za dari. Mchana ule wakaja wanawake wawili wa kanisani. Nilimwona anavyohangaika na mikono yake, hajui aiweke wapi. Kisha akawaambia, "Mtusamehe waitu, ndugu zangu, leo hapa hakuna kahawa. Mjukuu wangu anatakiwa alale." Alisema akiwa ameinamisha macho, na najua ilimgharimu. Aliyepokea habari hizo vibaya ni mgawaji. Alisimama chini ya kikapu chake, mikono juu, akalia kama mtu aliyefukuzwa kazi bila barua. Alilia mpaka jioni. Nilipomwekea ndizi na maharage alikula matonge matatu, la nne likabaki mkononi, kichwa kikashuka taratibu hadi ukingoni mwa sahani.

Tulitazamana. Mume wangu alimnyanyua kwa kunyata, akamfuta maharage kwenye paji la uso. Hakuamka mpaka jua limetoka. Mimi ndiye sikulala, kwa sababu kila nilipofumba macho nilipeleka mkono puani kwake kuhakikisha kwamba ni usingizi tu.

Ijumaa nilienda zahanati na begi langu la safari, maana usiku mmoja haukutosha kuniondolea yale maneno ya wodini. Muuguzi aliuliza mtoto amelalaje. Nikamwambia amelala usiku kucha. Akauliza tumempa dawa gani.

"Hakuna," nikasema. "Nimemwachisha kazi."

Ikabidi nimsimulie yote, na alicheka mpaka akafungua dirisha. Lakini alipomaliza kucheka nikamwuliza lile nililokuwa naliogopa, kama degedege halikumwachia kitu kichwani. Kabla hajanijibu, binti yangu aliteremka mapajani mwangu. Mezani kulikuwa na kisahani cha bati chenye pamba. Alikichukua kwa mikono miwili, akaenda mbele ya muuguzi, akapiga magoti sakafuni, akakinyanyua. "Koo," akasema. Akasubiri muuguzi achukue kipande chake. Kisha akajichukulia cha kwake, akakitazama, akaona si kahawa, akakitia mfukoni.

Muuguzi aliifunga kadi ya kliniki bila kuandika barua yoyote. Alisema mtoto anayekumbuka kazi yake na mshahara wake, kichwa chake kizima, turudi tu siku ya kupima uzito.

Nilimfunga mgongoni kwa khanga niliyokuwa nimeifungasha kwa ajili ya hospitali kubwa. Kabla hatujavuka shamba la kwanza la kahawa nilihisi amekuwa mzito, kichwa kimelala kati ya mabega yangu, pumzi inapanda na kushuka. Nikaiacha pikipiki ipite, nikatembea. Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshatandika mkeka kivulini, akaniambia kwa sauti ya chini nimlaze, nitachoka mgongo. Nikamwambia bado, mama. Nilikaa kwenye cherehani nikashona sare moja nzima naye akiwa mgongoni, kwa sababu nilikuwa sijambeba akiwa amelala tangu siku ile ya pikipiki.