Wimbo Uliokusanya Mikuki

Nawasimulia hili kwa sababu mmeshalisikia kwa wengine, tena limetiwa chumvi, na mimi nikiaibika napenda niaibike kwa mambo niliyoyafanya kweli.

Tulikuwa na bendi, mimi, Marwa na Chacha, hapa hapa Nyarero, na tulipiga panki, ile kali ya haraka haraka ambayo mwimbaji haimbi bali anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama (mwimbaji nilikuwa mimi, sauti sina, kelele ninazo). Marwa alikuwa na gitaa ambalo nyuzi nyingine zilishakatika, Chacha alipiga madebe, na ukumbi wetu ulikuwa banda la mashine ya kusaga, Jumapili mchana, mashine ikiwa imepumzika. Kijiji kizima kilitucheka na wala sikujali, isipokuwa mtu mmoja, baba yangu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, ambaye nilimwalika kila Jumapili na kila Jumapili akasema ana kazi. Iliniuma, siwafichi. Nilitaka anisikie hata mara moja.

Basi siku hiyo nikapata akili (akili!): kama mzee haji kwenye muziki, muziki utamfuata. Tukatoa spika nje, tukaielekeza mlimani, kwetu, Chacha akaanza madebe, nami nikavuta pumzi nikaingia kwenye kiitikio cha wimbo wetu wa kuwalalamikia wenye mgodi waliochukua dhahabu yetu, "Wamechukua! Wamechukua yote! Wamechukuaaa!"

Sasa nyie wa huku mnajua. Ukisikia mtu anapiga yowe kwamba wamechukua, huulizi wamechukua nini, ni ng'ombe, unashika mkuki unakimbia, na huku unakimbia nawe unapiga yowe ili wa mlima wa pili wasikie. Sisi tulikuwa tumefumba macho kwa utamu. Nilipofumbua, banda limezungukwa na wanaume wenye mikuki na marungu, wanahema, na mbele yao baba, kifua wazi, povu la sabuni bado liko sikioni (alikuwa anaoga).

Alikuja, jamani. Mjinga mimi, nikafurahi kidogo.

"Mura," akaniita, yaani kijana, "ng'ombe zimeelekea wapi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Shikamoo Tata, huu ni wimbo." Lakini nikatazama wale watu wote walivyoacha chakula chao, nikatazama mikuki, mkono wangu ukanyooka wenyewe, ukaonyesha bondeni.

Wakaondoka mbio, na sisi nyuma yao, maana aliyeibiwa habaki nyumbani, na huko bondeni, kwa bahati yangu mbaya, tukamkuta Mzee Wambura, mzee wa kanisa, anarudisha ng'ombe wake kutoka mtoni taratibu, anajiimbia pambio. Wakamlaza kwenye matope.

"Ni zangu! Nimezilea mwenyewe!" analia Mzee Wambura.

Baba akanigeukia. "Haya, tambua. Zetu ni zipi?"

Nikalia mimi pia. Nikasema yote, spika, dhahabu, panki. Panki hakuna aliyeielewa, kwa hiyo wakaamua niimbe pale pale, wasikie wenyewe kama ni wimbo au ni yowe. Nikaimba, bila gitaa, bila madebe, mbele ya mzee wa kanisa anayejipangusa matope, "Wamechukuaaa!" na kabla sijamaliza, ng'ambo ya mto yowe likajibu, na wanaume wengine wakaanza kuteremka mbio na mikuki yao. Kesi ikaishia hapo.

Faini ilikuwa mbuzi, baba akamtoa kwenye zizi lake, wakamla walewale waliokimbia, na bendi ikafa kabla nyama haijaiva. Tulipokuwa tunarudi nyumbani baba hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Wimbo nimeusikia. Sasa siku ukiibiwa kweli, mwanangu, nani atakuja?"

Nikaapa sipazi sauti tena maishani. Juzi nimekuta nyoka jikoni, nikamwita mke wangu kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Alipokwisha kumuua akaniuliza kwa nini sikupiga kelele majirani wakaja. Nikamjibu ukweli: niliogopa kupiga, halafu asije mtu.