Siku Athumani alipongoja mto upwe

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuchangia. Leo nimejikaza. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole, lakini hapa sijaongeza chumvi hata kidogo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati wa masika. Tuliishi estate moja karibu na Makadara, huku bara. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sina kazi, na nilikuwa na haya kupita kiasi. Mgeni akiingia kwa mlango, mimi natokea dirishani.

Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Athumani. Alikuwa ametoka Mombasa kukaa na shangazi yake Majengo, kule Pumwani. Kwao alivua chewa kwenye mkono wa bahari, ambako maji hujaa na kupwa kila siku. Alipenda kusema chewa hula maji yakianza kujaa.

Hayo maneno yashikeni.

Sisi hatukuwa na chewa. Tulikuwa na mumi, yule samaki wa masharubu. Mvua ikizidi, bwawa la juu lilifurika na mumi wakateremka na mto nyuma ya estate. Wiki mbili tatu kwa mwaka, basi.

Jumamosi moja asubuhi tulipitia soko la nyama la Burma, tukaomba vipande vya utumbo vya chambo, tukashuka mtoni. Mama yangu alikuwa akilima nduma zake ukingoni, chini kidogo.

Athumani aliruka mawe mpaka lile jiwe kubwa la katikati. Akachomeka kijiti mchangani kupima maji, kama wanavyofanya kwao. Mimi nikabaki ukingoni.

Mbingu ilikuwa safi kabisa. Lakini maji yakageuka rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Kisha mabua ya mahindi yakapita yakielea.

Mama alinifundisha tangu utotoni: ukiona mabua, huko juu kumenyesha, toka mtoni.

Nikasema, "Athumani, maji yanakuja."

"Si ndiyo raha yenyewe! Yakijaa ndipo wanakula."

Na kweli, akavuta mumi mnene kama mkono. Akavuta wa pili.

Akanigeukia akicheka. "Njoro, wewe unifundishe maji mimi? Nimezaliwa yakiwa mlangoni!"

Nikanyamaza. Mtu anashika samaki, mimi ni nani niseme kuna hatari?

Kijiti kikazama. Mawe ya kuvukia yakazama.

Athumani akatazama jua. "Yatapwa tu. Tungoje kidogo."

Wakuu, mto haujui saa ya kupwa.

Maji yalipomfika magotini aliacha mzaha. Akatupa mshipi wa kuvulia, akavua shati. Nikajua anataka kuogelea.

Kuogelea alijua kuliko sisi sote. Asichojua ni kilichokuwa chini. Mafundi walikuwa wakitupa mabati na nyaya pale, na mimi mguu wangu una kovu mpaka leo.

Sijui sauti ilitoka wapi.

"USIRUKE! CHINI NI MABATI! KAA HAPO HAPO!"

Mama alisikia, akaja mbio na ule mkanda wake wa ngozi wa kubebea mzigo, unaopita kwenye paji la uso, na kamba ndefu kwenye ncha zake. Nikarusha. Haikumfikia. Nikarusha tena, akaidaka, akajifunga kiunoni.

Tulivuta, mimi na mama. Katikati kichwa chake kilipotea majini. Nilihesabu mpaka nne, kikatokea.

Alifika ukingoni goti likivuja damu, hana shati, hana samaki.

Mama akamwambia, "Kijana, maji ya kwenu hurudi. Haya yetu huenda tu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mdomo ulikuwa umeuweka wapi?"

Nikainama nikaanza kukunja kamba.

Masika ya mwaka uliofuata tulirudi. Athumani akachomeka kijiti chake, lakini hakukanyaga jiwe hata moja. Akanitazama. "Haya, mwalimu. Sema. Na useme kwa sauti."

Nilichojifunza ni hiki: niliyaona yale mabua kabla yake, na haya zangu nusura zimzike rafiki. Siku hizi nasema, hata nikichekwa.

Kama nawe uliwahi kunyamaza na ulijua, andika hapa chini. Hata polepole. Nitasoma yote.