Kondo la Fortunata

Zamani wanawake wa kijiji cha Qullpani walijifungulia nyumbani, na daktari mkuu wa hospitali, Zenón, alipotaka kujua sababu hakuitisha kikao. Aliketi uani na akina mama, akala viazi vyao, akauliza. Bibi mmoja akamjibu, "Baba daktari, humo ndani baridi kama kaburini, na makondo yetu ya nyuma mnayatupa kama maganda. Mtoto ambaye kondo lake halikuzikwa kwao atatulia wapi?"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Jiko likaingia wodini, blanketi za sufu zikaja, na kila mzazi akaondoka na kondo lake ndani ya chungu. Nesi Primitiva Choque ndiye aliyevifunga vyungu hivyo kwa kitambaa. Wanawake wakaanza kuja, hata wa ng'ambo ya mlima, tumbo mbele, mama mkwe nyuma na kuku wake kwapani.

Halafu Zenón akahamishwa, akaja daktari Lourdes. Hakuwa mtu mbaya. Alifika kazini kabla ya wote, na wafagizi aliwajua kwa majina. Ila alitaka alama ya juu kutoka kwa wakaguzi, na wakaguzi hawapendi moshi, sufu wala vyungu. Kuta zikapakwa rangi nyeupe. Makondo yakawa takataka za kuchomwa.

Wakati huo Fortunata, mdogo wake Primitiva, alikuwa mjamzito. Uzazi wa kwanza ulimtoa damu nyingi mno, chupuchupu afe.

"Daktari, huyu mmoja tu," Primitiva aliomba. "Kondo lake nitalibeba mwenyewe."

"Nesi, nikimruhusu dada yako, kesho nitamkatalia nani? Subiri wakaguzi waondoke, tutazungumza."

"Mimba haisubiri wakaguzi, daktari."

Lourdes alitazama dirishani. "Najua," alisema, na hakubadili neno.

Jioni Primitiva akaenda kwa mdogo wake, akamkuta akimenya viazi, tumbo limemjaa mapajani.

"Karibu, bibi dawa! Harufu yako imebisha hodi kabla yako."

"Acha utani, Fortu. Uje hospitali."

"Watanipa kondo langu?"

Primitiva angeweza kudanganya. Alifungua kinywa, na uongo ukakataa kutoka. Tangu wafiwe na mama yao hakuwahi kumdanganya mdogo wake huyu aliyemlea.

"Wanayachoma," alisema.

"Basi nitabaki hapa. Usininunie hivyo, dada, uso wako utanitishia mtoto."

Wakaguzi walikuja siku ya mvua ya mawe. Walipitisha vidole kwenye kuta, wakafungua makabati, wakauliza ni wazazi wangapi wamefia wodini tangu kuta zipakwe rangi. Hakuna, Lourdes akajibu, na lilikuwa jibu la kweli. Vitanda vilikuwa vimetandikwa vizuri, vyote vitupu. Wakapiga makofi. Keki ilikuwa bado inakatwa wakati Hilarión, mume wa Fortunata, alipofika mlangoni, kofia mkononi, maji yakimchuruzika.

"Shemeji, mtoto ametoka. Kondo limegoma."

Primitiva alikimbia na sanduku la dawa, Lourdes nyuma yake, viatu vyake vyeupe vikizama topeni. Walipofika, ngozi ya kondoo aliyolalia Fortunata ilikuwa imelowa yote, na mkono wake, alipoushika Primitiva, ulikuwa umeshapoa.

Kondo halikutoka kamwe. Walimzika nalo.

Makaburini Lourdes alikuja peke yake, akasimama mbali na watu. Walipotawanyika akasogea.

"Primitiva. Kesho nitarudisha jiko. Na vyungu. Wakininyang'anya alama, wacha wainyang'anye."

Primitiva alikuwa amembeba mtoto mgongoni, akimyumbisha pole pole ili anyamaze.

"Rudisha, daktari," alisema. "Wengine watakuja."

Mtoto hakunyamaza. Akamshusha, akampitisha kifuani chini ya shali, palipo na joto, akaanza kuteremka naye kwenda kumtafutia wa kumnyonyesha.