Kukalimani kwa Balozi Pale Gikomba

Siku yangu ya kwanza ubalozini niliandika "tunaunga mkono" mahali ambapo Balozi alikuwa amesema "tumezingatia". Katibu wa Kwanza, mzee aliyejua Kiswahili cha vitabuni, aliniita ofisini kwake.

"Dada Rose, sisi hatumuungi mtu mkono. Mataifa makubwa yanagombana, sisi tunazingatia."

Nilikuwa binti wa fundi wa reli, nikiishi mtaa wa Tena, Nairobi. Waajiri wangu walikuwa nchi moja ya Asia ambayo sitaitaja, kwa kuwa niliapa kutunza siri. Wakati huo ilikuwa maskini kama sisi, na ilijivunia kutoegemea upande wowote. Kazi yangu ilikuwa kufasiri magazeti kila asubuhi na kukalimani, yaani kugeuza maneno ya mtu papo hapo akiwa bado anasema.

Miaka ikapita, viwanda vyao vikakua, akaja Balozi wa pili aliyetoka wizara ya biashara. Neno "mshikamano" likatoweka kwenye hotuba, "masoko" likashika nafasi yake. Pamoja naye alikuja Mwambata wa Biashara, ofisa wa kuwatafutia wateja wenye viwanda wa nchi yao. Ndiye aliyepanga twende soko la Gikomba kuwagawia mafundi wa nguo cherehani.

Balozi alisoma hotuba, nikakalimani, watu wakapiga makofi. Ndipo akasimama Mama Wambui, fundi wa sare za shule.

"Mwambie hivi, dadangu. Hizi cherehani zao zikiharibika hatupati spea. Nikitaka kwenda kwao kujinunulia, wananinyima viza. Wameniambia nilete barua ya mume, na mimi ni mjane. Sasa nimtoe wapi?"

Mwambata akaniinamia sikioni. "Sema anashukuru."

Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Lakini Mama Wambui alikuwa akinitazama mdomoni, akingoja maneno yake yatoke. Nikayasema yote, mpaka la mume.

Balozi akanigeukia. "Amesema hivyo kweli?"

"Ndivyo alivyosema, Mheshimiwa."

Tuliondoka kabla ya soda kugawiwa. Kesho yake Mwambata alinihamishia chumba cha mafaili, nikakaa huko wiki nyingi nikingoja barua ya kufukuzwa.

Wakati huo cherehani za nchi nyingine zilikuwa zimeanza kujaa sokoni. Aliyekuja kunichukua ni Balozi mwenyewe. "Twende kwa yule mama. Leo sina hotuba." Garini akaniuliza Waswahili husemaje mtu akikiri kosa. Nikamfundisha. Alipofika mbele ya meza ya Mama Wambui akasema, kwa matamshi yaliyopinda, "Mama, tulikosea."

Mama Wambui akamwonyesha benchi lenye sare iliyokunjwa. "Haya, keti basi. Lakini si juu ya hiyo nguo."

Alikaa pale mchana kutwa akisikiliza mafundi. Baadaye sharti la barua ya mume likaondolewa, na dirisha la viza la wafanyabiashara likafunguliwa. Mama Wambui alisafiri, akarudi na spea, akafungua duka. Mimi nilirudishiwa kazi ya kukalimani, ila sikupandishwa cheo. Mwambata alikuwa ameshaandika kwenye faili langu kwamba siaminiki, na neno hilo lilikaa humo hadi nikastaafu.

Vijana wa kanisani kwetu, mtaani Komarock, huniuliza nchi huwaje kubwa. Huwaambia nilichokiona: waajiri wangu walikuja kuhubiri mshikamano, kisha wakaja kuuza, na walipoona wengine nao wanauza, wakalazimika kusikiliza. Sidhani ni wema mtupu. Dunia iliwabana. Hata hivyo, wapo wanaobanwa na bado hawasikilizi.

Siku ya kuniaga, Balozi wa mwisho niliyemtumikia, mwanamke kijana, alisimama kuhutubia. Nikainuka kama kawaida, nikaenda kusimama kando yake. Akanishika mkono taratibu.

"Keti, mama. Leo ni siku yako."

Akaendelea kwa Kiswahili, bila karatasi, tena chenye maneno ya mtaani. Serikali yao sasa ilikuwa ikiwafundisha mabalozi lugha kabla ya kuwatuma. Nilielewa kwamba baada yangu hawangeajiri mkalimani mwingine, na moyo ulinichoma kidogo. Kisha akatoa mzaha, ukumbi ukacheka, nami nikacheka nao wakati uleule.

Miaka yote ile, nikiwa bado natafuta maneno ya kufasiri mzaha, sikuwahi kucheka pamoja na wengine.