Vayolini Zilitangulia Kuondoka

Nisikilize kidogo, wewe uliyeketi hapo na masikio yako mazima. Kabla sijakueleza yaliyotupata, nataka kwanza uujue wimbo wenyewe, kwa sababu huenda hujawahi kutulia na wimbo wa aina hiyo. Si mgumu. Nilifundisha darasa la pili hapa Njoro mpaka nikastaafu, na nimezoea kueleza kitu taratibu.

Unaanza na saksafoni peke yake. Hiyo ni ala ya shaba ya kupuliza, imepinda kama kiko, na sauti yake ni nzito, ina pumzi ndani. Inaimba polepole bila maneno, kama mtu anayejisemea akirudi nyumbani jioni. Ukiwa makini utamsikia mpigaji akivuta hewa. Kisha, nyuma yake, vayolini zinaingia. Ni nyingi, za watu walioketi safu kwa safu. Usizitafute kwa nguvu, zitakuja zenyewe. Zinapita chini ya saksafoni na kuibeba, na hapo utagundua kwamba yule mtu wa jioni hatembei peke yake tena. Ni hayo tu. Ukisikia hilo, umeuelewa wimbo.

Mume wangu alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia ngano. Aliiendesha tangu ujana wake, kwenye mashamba ya hapa Njoro hadi kule juu Mau Narok, bila kitu masikioni isipokuwa kofia. Mwenye shamba mmoja alipofariki, watoto wake waliuza vitu vya nyumba kwa mnada. Nilimtuma mume wangu akaninunulie mtungi wa maziwa. Akarudi na mashine ya kupigia santuri, ya mbao, ameifunga kwa gunia nyuma ya baiskeli.

"Mtungi uko wapi?" nikamuuliza.

"Mtungi ulichukuliwa na wengine."

"Na hii je?"

"Hii hakuna mtu aliitaka."

"Kwa hivyo kesho nitakamulia ng'ombe ndani ya wimbo?"

Alicheka mpaka akaketi chini. Katika santuri zilizokuja na mashine hiyo, moja tu haikuwa na mikwaruzo, na ndiyo ninayokueleza.

Tangu siku hiyo tukawa tunaipiga kila Jumapili tukitoka kanisani, chai ikiwa mezani. Lazima ujue kwamba mume wangu si mtu wa maneno. Siku za kazi ungemsikia akisema "chakula", "mvua", "lala salama", basi. Lakini saa hiyo ya Jumapili, wimbo ukiisha, alikuwa anazungumza. Alinieleza juu ya mama yake. Alinieleza alivyoogopa watoto wetu walipozaliwa. Yote ninayoyajua yaliyo ndani yake niliyapata pale, kati ya santuri na kikombe.

Jumapili moja alisema juu ya vayolini, "Hiyo ni ngano. Upepo ukipita juu yake, kabla hatujaingiza mashine."

"Kwani ngano iliyokomaa hulia hivyo?"

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuisikia. Mimi nikifika, injini inanguruma tayari."

Watoto walikua, wakaenda kwao. Yeye akaacha kombaini. Baadaye, siku moja, akainua uso kwenye chai na kusema, "Hii santuri inaisha. Vayolini zimefifia."

Akanunua sindano mpya ya mashine. Haikusaidia. Akaifuta santuri kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, akaianika kivulini kama sahani ya kulia. Haikusaidia. Mwishowe tuliibeba mashine nzima hadi Nakuru mjini, kwa fundi wa redio nyuma ya soko. Fundi akaiweka mezani, akaipiga, na vayolini zikajaa kile kibanda chake hadi kwenye mabati.

"Mzee, hii kitu iko sawa kabisa," fundi akasema. "Skiza hiyo."

"Naskiza. Vayolini ziko wapi?"

Fundi akadhani ni mzaha. "Mzee, unanijaribu? Mathe, si ziko?"

Wote wawili walinitazama. "Ziko," nikasema.

Mume wangu alinitazama, akamtazama fundi, kama mtu aliyekuta wenzake wamepanga kumcheka. Kisha akashika waya wa mashine na kuanza kuuzungusha mkononi, polepole, ingawa wimbo ulikuwa haujaisha.

Kliniki ya masikio tulienda mwezi huohuo. Walimwingiza kwenye chumba kidogo chenye kioo, wakamvalisha vidude vya masikioni, wakampa kitufe abonyeze kila anaposikia mlio. Mimi niliketi nje ya kioo kando ya daktari, binti mpole wa umri wa mtoto wangu wa mwisho. Mwanzoni kidole gumba cha mume wangu kilikuwa kinabonyeza vizuri. Kisha daktari akapandisha milio juu. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba mlio unapigwa ikawa inawaka mbele yetu, inazimika, inawaka tena, na kile kidole kimetulia kabisa. Uso wake ulikuwa na bidii ya mtoto anayesubiri kuitwa jina.

Daktari alitueleza vizuri, nami nakueleza vilevile. Kelele ya miaka mingi haiui sikio lote kwa mara moja. Inaanza na sauti nyembamba za juu: ndege, kengele, vayolini. Sauti nene hubaki nyuma, lakini nazo huenda zikafuata. Kilichokufa hakirudi.

Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimrudishia vijiko na sufuria, na sauti ya mjukuu kwenye simu. Lakini vayolini zilikuja kama msumari ukikwaruza bati. Jumapili hiyo alikivua, akainuka, akazima mashine, akaifunika kwa kitambaa cha meza.

"Mpe mtu," akasema. "Niskize nini? Mtu mmoja anapuliza peke yake."

Nilikaa na hofu wiki nzima. Sikuililia santuri. Nililia kwa kuwa ile saa ikiondoka, nitabaki na mwanaume anayesema "chakula" na "mvua" hadi mmoja wetu azikwe.

Jumapili iliyofuata nilikivuta kitambaa. "Mara moja tu," nikamwambia kwa sauti. "Kwa ajili yangu." Nikaketi upande wa sikio lake lenye nafuu, nikakunja mkono wa sweta yake hadi kwenye kiwiko, nikaweka vidole vyangu juu ya ngozi. Saksafoni ikaanza. Nikangoja. Kisha nikaanza kupitisha vidole kwenye mkono wake taratibu, kutoka kiwiko kwenda kwenye kiganja, kama upepo.

"Bado," akasema, macho ameyafumba. "Umeingia mapema."

Alikuwa sahihi. Pumzi moja baadaye, ndipo vayolini zikaingia. Alikuwa anazijua zilipo, hata bila kuzisikia.

"Kumbe mwalimu naye hukosea," nikasema.

"Mwalimu wa darasa la pili," akajibu. Siku hiyo alizungumza mpaka chai ikapoa.

Tumefanya hivyo tangu wakati huo. Sasa nakuambia jambo ambalo bado sijalizoea. Mwaka huu saksafoni nayo imeanza kwenda. Kwanza zilimpotea noti zake za juu, sasa hata zile za katikati. Jumapili iliyopita tulikuwa zaidi ya nusu ya wimbo, vidole vyangu viko mkononi mwake, akafumbua macho na kuniuliza, "Mama, umeshaiwasha?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akayafumba tena. Sikuacha kupitisha vidole, na safari hii hakuniambia kama nilikuwa mapema au nimechelewa. Wimbo ulipoisha nilimbonyeza kiganja ajue. Akaniuliza kama nakumbuka ule mtungi wa maziwa.

Leo jioni, tafuta wimbo wa polepole wenye saksafoni na vayolini, ukae karibu na mtu wako. Vayolini zikiingia, mguse mkono, umuulize kama amezisikia.