Trei Kumi za Figili na Jina la Mama Mkwe

Nilimwita mama mkwe wangu mchawi kwa sababu ya mboga.

Ngojeni nieleze kwanza. Mkitaka kunitusi, mtanitusi nikimaliza.

Naitwa Nabwile, naishi Bungoma mjini. Chumba changu cha pili nimekijaza trei za zile mboga changa ambazo mahoteli hupambia sahani. Zinavunwa zikiwa na wiki moja tu. Hazitaki shamba, zinataka rafu, dirisha na maji ya kunyunyiza.

Mwaka jana Derrick, mpishi wa hoteli moja hapa, alinipigia simu.

"Nabwile, kuko na harusi Jumamosi. Unaweza nipangia trei kumi za figili?"

"Hata ishirini naweza, bana!"

Mdomo wangu huo.

Mbegu nilikuwa nimenunua Kitale, na muuzaji aliniambia vijiko viwili kwa kila trei. Mimi nikaweka sita. Nilitaka zijae mpaka udongo usionekane, Derrick akiziona ashike kichwa. Nyingine zikamwagika sakafuni na sikujali.

Jioni hiyo mama mkwe, Mama Chepkorir, akafika kutoka kijijini kwake, Kwanza. Amelima mahindi maisha yake yote. Aliingia kwa trei zangu, akatia kidole kwenye udongo, akatikisa kichwa.

"Hii umepanda ama umemwaga?"

"Mama, hii si mahindi. Ni mambo ya kisasa."

Akageuka akaenda jikoni. Nami nikafurahi ameenda.

Asubuhi ya nne nilifungua mlango nikakutana na harufu ya kuoza. Figili za trei zote kumi zilikuwa zimelala chini, ukungu mweupe umezifunika. Nilipiga nduru mpaka jirani yangu Pauline akaja mbio.

"Nani aliingia hapa?"

"Mama mkwe tu."

"Na aligusa?"

"Aligusa."

"Aaa. Sasa unauliza nini?"

Hasira ilinipanda. Nikashika simu, nikaingia kwenye grupu ya akina mama wa kanisa la Kwanza, ambayo waliniweka nilipoolewa, nikarekodi sauti ya sekunde arobaini. Nikasema mama yake Kipkemei, mume wangu, ana mkono mbaya, akigusa kitu kinakufa.

Mama alikuwa jikoni akiosha vyombo vyangu. Simu yake ikalia. Alisikiliza, akapangusa mikono, akanijia.

"Niambie tu. Ni wewe umesema hiyo maneno?"

"Ni mimi."

Hakubishana. Alifunga mkoba wake akaenda.

Siku mbili baadaye nilivuta pazia la jikoni nilifue. Nyuma yake, dirishani, kulikuwa na kifuniko cha beseni chenye udongo.

Ndani yake zilisimama figili. Kijani, bila ukungu, kila moja na nafasi yake. Mama alikuwa ameokota zile mbegu zilizomwagika, akazipanda siku hiyo hiyo, kwa mkono wake huo huo.

Nilikaa chini nikampigia muuzaji wa Kitale.

"Uliweka vijiko ngapi?"

"Sita."

"Ai! Hiyo zilibanana, hewa haikupita, maji haikukauka. Ukungu ni lazima. Hapo hakuna mtu amekuroga, mama."

Nilitaka kufuta ile sauti, lakini muda wa kufuta ulikuwa umepita. Nikarekodi nyingine ya kuomba msamaha. Ya kwanza waliisikiliza wote. Ya pili, wanne.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mvua ilipoanza, nilienda Kwanza na leso na sukari. Nikapiga magoti. Mama akaniinua, akanipa chai.

"Nilikusamehe kitambo, Nabwile. Lakini ujue kitu moja. Hapa kwetu, wakati wa kupanda, majirani walikuwa wananiita niangushe mbegu ya kwanza kwa shamba zao. Kila mwaka. Walisema mkono yangu inaotesha."

"Na mwaka huu?"

"Hakuna mtu ameniita."

Tukiwa hapo wanawake watatu walipita barabarani na mbegu kwenye ndoo. Walimsalimia Mama kutoka mbali, wakaendelea. Mama aliwatazama mpaka wakakata kona. Mimi nililia, yeye hakulia.

Wewe unayesoma hapa, kitu chako kikiharibika, anza kujiuliza wewe ulifanya nini, kabla hujashika simu. Derrick, niliyemkosesha figili za harusi, alishanisamehe, na trei ninapanda vijiko viwili tu, zinatoka safi.

Mama amepanda shamba lake peke yake.